Ligi ya Mkoa au Ndondo: Kijana wa Dar es Salaam Achezee Wapi?

Ligi ya mkoa, inayosimamiwa na DRFA, chama cha soka cha mkoa wa Dar es Salaam, chini ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, humpa kijana usajili rasmi, na bingwa wake huingia Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, hatua ya kwanza ya kitaifa kuelekea Ligi Kuu. Ndondo, yaani michuano ya soka ya mtaani, haina ngazi hiyo, ina watu. Kwenye uwanja wa Kinesi mashabiki husimama hadi ukingoni mwa chaki, vuvuzela zikilia, na mchezaji wa Ligi Kuu aliye mapumzikoni anaweza kukabwa na fundi gereji wa mtaani, jambo ambalo masharti ya usajili ya ligi rasmi hayaruhusu. Kwa kijana wa miaka 17, mimi ningechagua ligi ya mkoa, hata watazamaji wakiwa wachache, kwa sababu usajili humlinda anapohama timu.