The Mummy ya 1932: nilivyoiona diski niliyonunua

Nilinunua diski ya The Mummy, filamu ya mwaka 1932 iliyoongozwa na Karl Freund, nikitarajia maiti aliyeviringishwa sanda akiwakimbiza watu hadi mwisho, kwa kuwa ndivyo sinema za baadaye zilivyotuzoesha. Sivyo ilivyo. Mwigizaji Boris Karloff, anayeigiza mumia huyo, yumo ndani ya sanda katika onyesho la mwanzo tu, na hata hapo hatumwoni akitembea. Kijana msaidizi wa wachimbaji ananong'ona maneno ya hati ya kale, jicho la mumia linafunguka kidogo, mikono inashuka taratibu kutoka kifuani. Kisha tunauona mkono mmoja ukiichukua hati mezani, na ncha za vitambaa zikiburuzika kuelekea mlangoni. Kijana anaangua kicheko cha mtu aliyerukwa na akili. Nililirudia onyesho hilo mara tatu.

Shangazi, niliyekuwa naye sebuleni, hakushtushwa na mumia. Aliuliza nani aliwapa wale wazungu ruhusa ya kufukua kaburi. Baadaye kidogo Karloff, sasa akiwa Mmisri wa heshima aitwaye Ardath Bey, anawaambia Waingereza kwamba Wamisri hawaruhusiwi kuwafukua wafu wao wa kale, ila makumbusho ya kigeni. Shangazi alitikisa kichwa. Filamu inalitaja jambo hilo mara moja na kulipita, nami naona ndipo ilipopoteza hadithi nzito kuliko mapenzi yanayofuata.

Chanzo cha filamu kinajulikana: mwanaakiolojia Howard Carter alilipata kaburi la Farao Tutankhamun mwaka 1922, mfadhili wake Lord Carnarvon akafariki Kairo Aprili 1923, na magazeti yakavumisha laana ya kaburi. Mwandishi wa filamu, John Balderston, alikuwa miongoni mwa wanahabari walioripoti habari za kaburi hilo. Carter mwenyewe aliishi hadi 1939. Kilichoniudhi zaidi ni jina la mumia, Imhotep: Imhotep wa kweli alikuwa waziri wa Farao Djoser, anayehesabiwa kuwa msanifu wa piramidi ya ngazi ya Saqqara, na Wamisri walikuja kumwabudu kama mungu wa tiba. Hapa amefanywa zimwi.

Picha ni safi kiasi cha kuonyesha kila ufa wa uso ambao Karloff alitengenezewa na mpambaji Jack Pierce. Kasha lilifika limepasuka, na tafsiri ya Kiswahili haimo. Kwa dakika 73, natoa nyota nne kati ya tano.