Kutoka 1300 hadi 1500: injini ya Probox, na swali la nyaya ambalo hakuna anayeuliza

Wasomaji kadhaa wenye Toyota Probox za lita 1.3 wameniandikia kilio kimoja. Walitoa injini ya 2NZ, wakatia 1NZ ya 1.5, gari likapaa, kisha mvua ikanyesha. Taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi, gari likaanza kukohoa katikati ya foleni ya Waiyaki Way, na fundi sasa hapokei simu. Wote wanauliza kama waliuziwa injini mbovu. Mimi naona injini zao ni nzima. Tatizo ni nyaya.

Kwanza, inafaa pesa? Mitungi ya injini hizi mbili ina upana uleule, milimita 75. Tofauti ni mwendo wa pistoni: 73.5 kwa 2NZ, 84.7 kwa 1NZ. Hapo ndipo cc 1,298 zinakuwa 1,497, na nguvu ya kuvuta inapanda kutoka takriban Nm 121 hadi 141. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza kama sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Kwa hiyo anayepandisha Mai Mahiu na magunia ya viazi ataihisi hiyo 1.5 kila siku. Wewe unayetoka Donholm kuja mjini na mkoba wako tu, baki na 1.3 yako. Kwenye foleni zote zinasimama.

Chaguo la kwanza: 1NZ kamili, na nyaya zake zisizokatwa, na kompyuta inayoiongoza

Sifichi, mimi ni mtu wa Toyota. NZ inaendesha vali zake kwa cheni, si mshipi, na spea zake unazipata kuanzia Kirinyaga Road hadi Maua. Lakini sikiliza hapa.

Nyingi ya injini hizi za mitumba hutolewa kwenye magari yaliyokatwa nusu. Anayeitoa hana muda wa kufungua soketi moja moja nyuma ya dashibodi. Anakata shada zima la nyaya pale linapopenya ukuta wa injini, na wewe unauziwa injini yenye kishungi cha nyaya cha urefu wa shubiri. Shika ncha moja, ikwangue ganda. Shaba nzima inang'aa wekundu. Iliyokaa kwenye chumvi ya bahari na mvua ya uani kwa muuzaji ni nyeusi, au ina ukungu wa kijani. Fundi ataisokota na waya wako wa zamani, azungushe tepu nyeusi, gari liwake, umlipe. Joto la injini linalegeza gundi ya tepu, maji yanaingia, na waya wa sensa, ambao hubeba volti 5 au chini ya hapo, unaanza kuipelekea kompyuta uongo. Kompyuta inaamini, inamwaga petroli ovyo, na wewe unalaumu plagi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza: nyaya zimekatwa? Ukiambiwa "hiyo ni kitu kidogo, mama, fundi ataunga", ondoka. Soketi zote ziwe na midomo yake ya kufungia. Kompyuta iwe ya 1NZ hiyohiyo, maana ile ya 2NZ ilipangiwa injini ndogo. Angalia pia koo la hewa (throttle): za zamani zinavutwa kwa kebo, za baadaye kwa umeme, na kuchanganya hizo mbili ni kujitafutia kesi. Na usome namba iliyogongwa kwenye bloku kwa macho yako mwenyewe, kwa sababu kwa nje 1NZ na 2NZ ni vigumu kuzitofautisha na wauzaji wanalijua hilo vizuri sana.

Dai risiti yenye namba ya injini. Utaihitaji NTSA, mamlaka ya usafiri, kubadilisha logibuku, na bima yako ijulishwe. Ajali ikitokea na logibuku bado inasema 1.3, utaijua bima yako vizuri.

La pili: uza, ununue ya 1.5

Kwa wengi hesabu hii ndiyo nzuri, ila hawataki kuisikia. Umbo la zamani huwezi tena kuliagiza kwa sababu ya kikomo cha miaka minane, kwa hiyo unatafuta humuhumu nchini. Nyaya zitakuwa za kiwandani, na hilo kwangu lina thamani kuliko redio mpya.

La tatu: 1NZ tupu, na fundi umeme wa kweli

Fundi anayelehemu kila kiungo kwa risasi na kukivalisha mpira unaonywea kwa moto. Wapo, wanatoza, na wana haki ya kutoza.

Kutoboa mitungi ya 1.3 yako ili ipanuke? Nusu milimita kwenye 2NZ inakupa kama cc 17, ndani ya kuta ambazo tayari ni nyembamba. Hapana. Injini za bei ya kutupa za Grogan, soko la spea kuukuu la Nairobi, sina la kusema juu yake.

Na kuhusu bei: mbona kwa simu ni elfu sabini na tano, ukifika dukani ni tisini na tano? Msomaji mmoja alijibiwa kwamba dola imepanda. Asubuhi hadi mchana? Mwingine alishalipa kwa M-Pesa ndipo akaambiwa kompyuta inauzwa kando, elfu kumi na tano, kisanduku kilichotoka kwenye gari lilelile na injini ileile. Alipouliza warantii akaambiwa ni ya kuwaka tu: ikishawaka, ni yako.