Soundboard ya Discord: sekunde tano zinatosha kuharibu mechi ya mtu

Kundi letu la eFootball, gemu ya mpira, hukutana usiku kwenye Discord, programu ya kuongea na kuchati kwa makundi, watu wakishatoka kazini. Wengi tuko Dar, mmoja yuko Muscat. Zamani aliyetaka kuwapigia wenzake kigelegele au honi baada ya goli alikuwa anasogeza simu kwenye maiki. Kilichofika upande wa pili ni mikwaruzo, au ukimya mtupu. Discord ina kichujio cha makelele kiitwacho Krisp, na kazi yake ni kubakiza sauti ya mtu anayeongea tu. Kwake kigelegele nacho ni kelele. Tukahamia kutumiana klipu WhatsApp, lakini kila mtu anaifungua kwa wakati wake, goli lenyewe limeshapoa.

Soundboard, yaani vitufe vya sauti fupi ndani ya Discord, iliyokuja mwaka 2023, haipitii kwenye maiki yako. Mkiwa kwenye chumba cha sauti unabonyeza kitufe, wote mliomo mnasikia papo hapo. Kuna sauti zilizomo tayari, kama honi na bata. Zinachosha mapema. Raha inaanza mkiweka za kwenu.

Mimi napakia kwa kompyuta: mipangilio ya seva (ukumbi wa kundi lenu humo Discord), sehemu ya Soundboard, unachagua faili, unaipa jina na emoji, basi. Faili iwe MP3 au OGG, isizidi kilobaiti 512 wala sekunde 5.2. Ukubwa usikutishe. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, hata ukijaza muda wote, haifiki kilobaiti 90. Kinachobana ni muda.

Na hapo ndipo kazi ilipo. Mwenzetu mmoja anajua sana kuigiza kondakta wa daladala, akaturekodia onyesho zima: anaita Mbagala, anasukuma watu nyuma, anazozana na abiria kuhusu chenji. Tamu, lakini ndefu. Nikaifungua kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, nikakata kila kitu nikabakiza bati likigongwa mara mbili na "Twende suka!" Basi. Sasa mtu akichelewa kuanza mechi anapigiwa hiyo, na inachekesha kuliko onyesho zima. Ushauri wangu: futa ukimya wote wa mwanzoni, maana hata nusu sekunde ya kimya inaua utani. Mwishoni ifanye sauti izame taratibu, isikatike kama umeme.

Ukipakia, kila sauti ina kipimo chake cha kupandisha na kushusha sauti. Kishushe. Klipu iliyorekodiwa kwa simu karibu na mdomo, ikimkuta mtu kavaa earphone saa tano usiku, ni ugomvi. Msikilizaji naye ana kipimo chake kwenye mipangilio yake, anaweza kuzishusha sauti za Soundboard mpaka sifuri na bado akawasikia mnavyoongea. Kwangu mimi hiki ndicho kitu bora kabisa walichoweka, ingawa wenzangu hawakubali kwamba kuna mtu amewazima.

Halafu kuna ruhusa. Ya kubonyeza ni tofauti na ya kupakia, na mwenye seva anagawa apendavyo. Sisi kubonyeza tumeachia wote, kupakia tunapakia wawili. Siku za ligi tunazima kabisa, kwa sababu kuna ndugu yetu hubonyeza kigelegele mwenzake anapopiga penalti, na hana aibu hata kidogo.

Nafasi za kuweka sauti ni chache: seva isiyo na boost (nyongeza ya kulipia ambayo wanachama huipa seva) inapata 8, na kwa boost zinafika 48. Ukitaka kuzibeba sauti za seva yenu ukazitumie kwenye seva nyingine, hiyo ni ya wenye Nitro, usajili wa kulipia wa Discord, dola 9.99 kwa mwezi. Kwa ajili ya bati la daladala? Silipi. Kama kundi lenu ni dogo, ya bure inawatosha, na uchache wa nafasi unawalazimisha kuchuja. Sisi sauti ikikaa bila kubonyezwa tunaitoa.

Kwa sasa kuna nafasi moja wazi. Wa Muscat anataka kicheko chake mwenyewe kiwekwe humo, sisi wa Dar tunataka honi ya bodaboda, na kura zimegongana.