Niliuziwa "fosfeti", kumbe nikeli

Yule muuzaji wa Kariakoo simsamehi. Nilimwambia wazi kwamba nataka betri ya pikipiki yangu ya umeme, tena ya LFP, ile ya lithiamu na fosfeti ya chuma, kwa sababu inavumilia joto na haichoki haraka. Akaligonga boksi kwa kiganja: "Hii hapa mzee, fosfeti orijino. Jaza mpaka mia kila usiku, lala usingizi wako." Basi nikawa naijaza mia kila usiku, Mbagala, kwenye chumba cha bati ambacho hata usiku wa manane hakipoi.

Haikuchukua muda chaji ikaanza kuisha njiani. Halafu mchana mmoja, juu ya daraja la Mfugale pale Tazara, pikipiki ikazima ghafla na abiria nyuma. Daladala zinapiga honi, abiria anashuka huku anasonya, nami nasukuma na jua la utosi.

Fundi wa Temeke akaichaji ikajaa, akafungua boksi, akaweka mita kwenye seli moja, yaani kibetri kimoja kati ya vile vilivyounganishwa ndani: volti 4.1. Akarudia seli ya pili, vilevile. Seli ya fosfeti ikijaa kabisa ni 3.65! Akahesabu mstari mzima: seli 20, hesabu ya betri ya nikeli ya volti 72. Yaani NMC, nikeli na manganizi na kobalti, ambayo ukiiacha imejaa pomoni kwenye joto unaimaliza taratibu. Ushauri wa yule bwana ndio ulioiua.

Sisemi nikeli ni mbaya. Kwa uzito uleule inabeba umeme mwingi kuliko fosfeti, na ilipokuwa mpya ilikuwa inapanda Kimara na mzigo bila kuhema. Ningeambiwa ukweli ningeishia asilimia 80 na huenda leo ningekuwa naisifia.

Lakini hapana, siisifii! Nikeli ikiharibika huwaka kwa joto dogo kuliko fosfeti, na mimi nilikuwa naichaji chumba kimoja na wanangu.

Niliporudi dukani hakuniambia hata pole. "Mzee, betri ni betri. Unataka kutembea au kusoma kemia?" Waranti? Eti nimeshafungua boksi.

Mita zinauzwa hukohuko Kariakoo. Mwambie ajaze betri, apime seli moja mbele yako. Akigoma, usitoe hela.