Uzoefu wangu na semina za wiki za likizo: mtu wa Dar anapigwa pale anapodhani ameshusha bei

Ninachotolea maoni ni ule mkutano wa "dakika 90" ambao Mtanzania aliye likizoni Dubai, Cape Town, Phuket au Hispania hualikwa aje asikilize kidogo, achukue zawadi, aende zake. Kinachouzwa mle ndani ni taimushea, yaani haki ya kutumia nyumba ya likizo wiki moja au mbili kwa mwaka, kwa zamu na watu wengine wengi wanaomiliki chumba hichohicho. Siku hizi jina lenyewe linakwepwa. Utasikia klabu ya likizo, uanachama, pointi. Kampuni siitaji, maana yanayofanyika meza ya kwanza ndiyo yanayofanyika meza ya pili, na mikataba inafanana hadi mpangilio wa vifungu.

Vyumba navipa nyota nne: visafi, vina jiko, sebule na nafasi ya familia nzima. Zawadi nyota moja. Mkataba nyota moja, na hiyo ni kwa sababu huwezi kutoa sifuri.

Mtu wa Dar amelelewa na Kariakoo. Akitajiwa shati elfu arobaini, anasema kumi na tano, anapiga hatua tatu kuondoka, anaitwa, linauzwa ishirini, na roho yake inatulia. Semina hizi zimepangwa kumridhisha mtu wa namna hiyo. Karatasi ya kwanza itaandikwa, tuseme, dola 18,000. Ukikunja uso, muuzaji anamwita meneja, naye anashuka hadi 13,500 kwa maelezo kwamba kuna mwanachama amerudisha wiki yake asubuhi hiyohiyo. Ukisimama, inakuwa 9,500, leo tu, ukitoka mlangoni imekwisha. Umeshusha karibu nusu na unajiona mjanja. Lakini ile 18,000 haikuwa bei ya kitu chochote. Iliandikwa ili ishuke.

Kariakoo mkishaelewana unaondoka na shati na habari imeisha. Hapa bei mliyokuwa mnavutana ndiyo sehemu ya deni unayoiona. Kuna ada ya matunzo ya kila mwaka, sawa na sevisi chaji ya maghorofa ya Upanga, ambayo haijadiliwi na mtu, hupanda kila mwaka, na unadaiwa hata mwaka ambao hukusafiri. Tufanye hesabu ya mfano. Katika ile 9,500 unatoa kianzio cha asilimia 20, dola 1,900. Zinabaki 7,600 za mkopo wa miaka 5 kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Marejesho ni karibu dola 181 kwa mwezi, na hadi umalize umelipa kama 10,850. Ukijumlisha na kianzio, umefika 12,750. Weka ada ya matunzo ya dola 700 inayopanda asilimia 5 kila mwaka: ndani ya miaka 10 ni dola 8,800, na mwaka wa kumi peke yake inadai 1,086. Jumla ni zaidi ya dola 21,500 kwa wiki kumi za likizo. Ni kama dola 308 kwa usiku mmoja, kabla ya tiketi ya ndege.

Hesabu hiyo ifanye kwenye simu yako palepale mezani, kwa tarakimu zao. Halafu fungua tovuti yoyote ya kukodisha vyumba utafute jengo hilohilo, wiki hiyohiyo. Mara nyingi utalikuta, kwa sababu wanachama walioshindwa na ada wanapangisha wiki zao ili angalau warudishe kitu. Muuzaji anaweza kukukataza usitumie simu kwa kisingizio cha muda. Hapo jibu umeshalipata.

Turudi mlangoni, maana mtego unaanzia barabarani. Mpiga debe wa kule havai kama wa stendi ya Mbagala, ila kazi ni ileile: analipwa kwa kila kichwa anachofikisha ndani. Anaweza kukupa kadi za kukwangua, moja yako na moja ya mwenzi wako, na moja lazima ishinde. Au ulijaza fomu ya bahati nasibu ya gari kwenye duka kubwa, na jioni unapigiwa simu hotelini. Sikiliza masharti yanayofuata: mje wote wawili mume na mke, muwe na kazi, mje na pasipoti na kadi ya benki "kwa uthibitisho tu". Zawadi ya kweli haiulizi kipato wala haimhitaji mwenza wako. Wanataka wote wawili ili asiwepo mtu wa kusema "ngoja nikamuulize mama watoto", na wanataka kadi kwa sababu ndiyo pesa yenyewe.

Zawadi hiyo ikishasomwa vizuri huwa ni vocha ya usiku mbili au tatu bila nauli, kwa siku za katikati ya wiki, unayotakiwa kuiombea nafasi muda mrefu kabla na kuilipia kodi na gharama za usajili. Kwa mtu anayesafiri kutoka Dar haina thamani.

Ukiamua kwenda hata hivyo, nenda kwa usafiri wako. Gari lao hukupeleka mbali na hoteli na halirudi mpaka wamalize. Uwe na bando na programu ya teksi kwenye simu. Watoto wasipelekwe kwenye chumba cha michezo, hata kama ni kizuri kiasi gani, kwani mzazi ambaye mtoto wake yuko ghorofa nyingine akicheza haondoki haraka. Kadi moja iache kwenye sefu ya hoteli, na ile unayotembea nayo ishushe kikomo cha matumizi kwa programu ya benki yako kabla hujatoka chumbani. Pasipoti asishike mtu. Wakitaka utambulisho, nakala inatosha. Weka kengele ya simu kwenye dakika ya 90. Ikilia, simama, usipofanya hivyo utakaa hapo kwa muda wa saa nne.

Sasa kuna jambo linalotugharimu sisi Waswahili kuliko wengine: adabu. Umekaribishwa, umepewa juisi na vitafunio, kijana amekuuliza habari za wazazi wako, na wewe unaona vibaya kumkatalia usoni. Unasema "tutaangalia", "nitafikiria", "Mungu akipenda". Kwetu hapo umeshakataa na kila mtu ameelewa. Mezani kwao huyo ni mteja aliyekubali ambaye bado hajapata bei. Usitoe sababu pia. Ukisema ni ghali, bei itashuka. Ukisema huna muda wa kusafiri, utaambiwa wiki zako zinaweza kupangishwa zikakuingizia pesa. Ukisema unahitaji kushauriana, mwenza wako amekaa pembeni yako. Kila sababu ina jibu lililokaririwa. Sema "Hapana, sinunui leo," na ukiulizwa kwa nini, rudia maneno hayohayo matatu. Huo si utovu wa heshima. Yule kijana anasikia hapana nyingi kila siku na ana familia ya kulisha, hakuchukii.

Ukishashinda meza mbili, mlangoni kuna mtu wa tatu. Anajifanya anakusanya maoni tu, kisha anakuuzia "kifurushi cha majaribio" kwa dola elfu moja au mbili. Wengi waliokuwa imara saa tatu nzima wanaangukia hapo kwa kuchoka.

Maswali manne yanatosha kuupima mkataba. Naomba nakala nikaisome hotelini hadi kesho? Naomba kuona ankara ya ada ya matunzo ya mwaka jana na ya mwaka juzi? Nikitaka kujitoa mwaka wa tatu, ni kifungu gani? Na nikifa, deni la ada linamwangukia nani? Hili la mwisho watu hulicheka, ila kuna mikataba isiyo na kikomo ambayo wauzaji huipamba kama urithi kwa watoto. Mtoto anarithi ankara. Hispania sheria ya 1998 iliweka ukomo wa miaka 50, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya huko ilibatilisha mkataba wa milele uliovuka ukomo huo. Ahadi za mdomo, kama ile ya "tutakununulia tena", mwambie aziandike ndani ya mkataba na kuziwekea sahihi. Hataziandika, kwa sababu karibu kila mkataba una kifungu kinachosema ulichoambiwa kwa mdomo hakihesabiki.

Kwa pasipoti yetu kuna la ziada. Wiki ya Hispania haikupi viza ya Schengen, na ya Dubai haikupi viza ya Dubai. Ukinyimwa viza mwaka huu, wiki imekwenda na ada inabaki.

Ukiwa umeshasaini, usilie, hesabu siku. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa Maelekezo (sheria ya pamoja) ya mwaka 2008, zinampa mnunuzi siku 14 za kalenda kufuta bila kutoa sababu, na zinamkataza muuzaji kupokea hata senti katika siku hizo. Kwa hiyo anayekuomba kianzio Tenerife, kisiwa cha Hispania, siku hiyohiyo anavunja sheria mbele yako. Fomu ya kufuta lazima iambatane na mkataba. Isipokuwepo, muda wa kufuta unarefuka hadi mwaka mmoja na siku 14. Angalia pia urefu wa mkataba. Sheria ya zamani ya Ulaya, ya 1994, ilihusu mikataba ya kuanzia miaka 3, wauzaji wakaandika ya miezi 35 ili kuikwepa. Ya sasa inahusu inayozidi mwaka mmoja, kwa hiyo ukiona miezi 11 ujue kwa nini. Mexico ni siku 5 za kazi. Florida ni siku 10. Afrika Kusini, Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2008 inatoa siku 5 za kazi kwa mikataba iliyotokana na muuzaji kukufuata mwenyewe, na ndivyo semina hizi zinavyoanza. Dubai mimi nategemea kilichoandikwa: kama mkataba hauna kifungu cha kufuta chenye idadi ya siku, kalamu isiguse karatasi.

Kufuta ni kwa maandishi. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya mkataba, tarehe ya kusaini, sentensi moja kwamba unaufuta, kiasi ulicholipa na pa kukirudisha. Tuma kwa barua pepe iliyotajwa kwenye mkataba, na nakala kwa EMS ya Posta au kampuni ya vifurushi yenye namba ya ufuatiliaji. Usikubali kufuta kwa simu. Mtu wa kampuni atakupigia kwa upole, atakwambia subiri meneja arudi Jumatatu, na Jumatatu siku zako zimeisha. Tatizo letu ni kwamba siku hizo zinaanza kukatika ukiwa bado likizoni, na nyingine unazimalizia kwenye ndege. Soma mkataba usiku uleule.

Pesa ikigoma kurudi, nenda benki yako hapa Dar ujaze fomu ya kupinga muamala, mapema, usingoje miezi. Watakuuliza kama wewe ndiye uliyebonyeza namba ya siri. Jibu kweli: ndiyo. Hoja yako ni kwamba mkataba ulifutwa ndani ya muda na mfanyabiashara hajarudisha fedha, na ushahidi ni ile barua na risiti ya kuituma. Waliolipa kwa fedha taslimu au kwa kutuma benki kwa benki hawana njia hii, ndiyo maana punguzo la "ukilipa keshi" lisikuvutie.

Biashara hii inatufuata hadi nyumbani pia, kwa simu za kualikwa chakula cha jioni kwenye hoteli za mjini. Hapo tafuta jina la kampuni kwenye mfumo wa mtandaoni wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kabla ya kwenda, uliza sheria ya nchi gani inatawala mkataba, na malalamiko ya kudanganywa yapeleke Tume ya Ushindani, FCC.

Kama kweli unataka wiki yako, kwa mfano familia ya watu sita inayokwenda Durban kila Desemba, usinunue kwenye semina. Nunua kwa mwanachama anayejitoa. Soko la mitumba la wiki hizi limejaa watu wanaoziachia kwa bei ya kutupa, hata bure, ili waepuke ada. Hakikisha kwanza hakuna ada iliyolala na kwamba uhamisho umeandikwa na uongozi wa jengo lenyewe.

Aliyeshasaini zamani ajiandae kwa simu nyingine. Atapiga mtu anayejua jina lako, namba ya mkataba na kiasi ulicholipa, aseme ana mnunuzi tayari au ni wakili wa kukurudishia pesa, ila tanguliza kodi au gharama ya faili. Majina ya wanachama huuzwa. Mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliziwekea vikwazo kampuni za Mexico zilizohusishwa na genge la dawa za kulevya la CJNG kwa utapeli wa aina hiyo dhidi ya wamiliki wa taimushea. Anayetaka utangulize pesa ili upate pesa, kata simu. Akija kwa ujumbe kutoka namba ya hapa nchini, uripoti kwa namba 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.