Darasa la kusoma la watu wazima maktabani: nyota nne, ya tano imekwama mlangoni

Nianze na mlango, maana pale ndipo nilipokaribia kugeuza na kurudi zangu nyumbani.

Unaingia maktabani kuomba ufundishwe kusoma, na kitu cha kwanza unachokabidhiwa ni fomu. Jina kamili, umri, kazi, kiwango cha elimu, sahihi. Ni kama kumwambia aliyevunjika mguu apande ngazi kwanza ndipo atibiwe. Nikafanya nilichozoea kufanya. Nikajipapasa kifuani, nikafungua mkoba, nikaguna, nikasema, "Aa, nimesahau miwani."

Uongo huo ulikuwa haujawahi kuniangusha. Benki ulipita, kliniki ulipita, kwenye mikutano ya wazazi ulipita. Ila binti wa mapokezi hakukawia. Akavuta droo, akatoa boksi limejaa miwani ya kusomea, akaniambia kwa upole kabisa, "Usijali mama, jaribu hizi." Nikavaa. Nikaikodolea ile fomu macho. Herufi zilikuja kubwa, nyeusi, safi, na hata moja sikuijua, isipokuwa ile inayoanza jina langu.

Sijui nilisimama pale kwa muda gani. Mkutubi mmoja, mama wa makamo, alipita akaichukua fomu mkononi mwangu bila kusema kitu, akanikalisha meza ya nyuma na kuanza kuniuliza kwa mdomo, moja moja, yeye akiandika. Miwani niliirudisha kwenye boksi nikiapa sitaigusa tena. Huyo mama asingepita siku ile, leo nisingekuwa na cha kuandika hapa, wala uwezo wa kukiandika. Ndiyo maana nyota moja nimeibakiza mlangoni. Huduma nzuri namna hii haifai kutegemea nani kapita saa ngapi.

Mimi ni fundi cherehani. Namba nazijua, tepu ilinifundisha: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Herufi ndizo zilizonipita. Daftari langu la wateja lilikuwa la michoro. Mwenye hereni za duara nilimchorea hereni, mwenye kofia nilimchorea kofia, mwenye mwanya nilimchorea meno mawili yaliyoachana, kisha vipimo vyake chini. Kazi ilikwenda vizuri hadi wateja wawili walipovaa hereni za aina moja, na gauni la harusi la mmoja nikalikata kwa kiuno cha mwenzake. Sitaki kulizungumzia. Wiki hiyohiyo nilikwenda maktabani.

Kabla ya hapo nilishajaribu darasa jingine la ngumbaru, sitalitaja. Kule tulikuwa wengi, ubao mmoja, fimbo ya kuonyeshea, tunaimba ba be bi bo bu kama kwaya. Ukiimba katikati ya watu hakuna anayejua kama unasoma au unafuata sauti ya jirani. Nilifuata sauti ya jirani kwa miezi mitatu. Siku mwalimu aliponisimamisha peke yangu mbele ya wenzangu nilikaa kimya, nikaketi, na sikurudi tena.

Huku maktabani mnakaa wawili tu, wewe na mtu wa kujitolea, Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi na moja jioni, nyuma ya rafu za magazeti ya zamani. Anayepita anaona watu wawili wameinamia karatasi, hajui nani anamfundisha nani. Kama walipanga makusudi au ndiyo kona iliyokuwa wazi, mimi sikuuliza. Kwangu kona ile ni nusu ya huduma. Malipo hakuna, na nilipouliza hisani hiyo ni ya nani, yule mkutubi alinisahihisha. Tamko la UNESCO na shirikisho la vyama vya maktaba duniani, lile la mwaka 1994, linasema maktaba ya umma kimsingi iwe bure, tena linahesabu kisomo cha watu wa rika zote kuwa miongoni mwa kazi zake. Si hisani, ni kazi. Nikakaa vizuri zaidi kwenye kiti.

Wa kwanza kupangiwa nami alikuwa kijana wa chuo, mwenye heshima zake, aliyekuja na kitabu cha sungura. Sungura amevaa suruali ya bluu, anakwenda shule. Nilipofanikiwa kusoma "sungura" akanipigia makofi: "Hongera sana mama!" Maktaba nzima ikageuka. Nikamwambia, mwanangu, mimi nina wajukuu wawili, punguza sauti. Na suruali yenyewe, samahani, aliyeichora hajawahi kushika mkasi. Haina hata tundu la mkia.

Kumlaumu sana nitamwonea, kwani rafuni hakukuwa na kingine cha kuchukua. Upande huu sungura, upande ule vitabu vinene vyenye herufi kama chawa, katikati hakuna kitu kwa mtu mzima anayeanza. Mkutubi aliwahi kunisimulia habari za Mhindi mmoja, S. R. Ranganathan, mkutubi mwenzake wa zamani, aliyeweka kanuni tano za maktaba mwaka 1931, na mojawapo inasema kila msomaji na kitabu chake. Nikamuuliza, changu kiko rafu ya ngapi? Akacheka, lakini swali halikumtoka. Baadaye akaanza kutuchapia karatasi mwenyewe, herufi kubwa, mambo ya watu wazima: barua ya mwenye nyumba, tangazo la kazi, maelezo ya dawa. Karatasi hizo sasa zimejaa faili mbili. Nadhani ndizo kitu cha thamani kuliko vyote katika programu ile, na ajabu ni kwamba haziazimishwi. Faili lingepewa namba na kuwekwa rafuni kama vitabu vingine, tungelipeleka nyumbani.

Kijana alipoondoka kwa ajili ya mitihani akaja mwalimu mstaafu, mzee mkimya mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Hakufungua kitabu. Aliniuliza, "Leo umeshona nini?" Nikamwambia shati, na kola imenisumbua. Akaandika KOLA. Akaikata vipande viwili kama mtu anayekata kitambaa, KO na LA, kisha chini ya kila kipande akashusha ndugu zake: ka, ke, ki, ko, ku; la, le, li, lo, lu. Akaisukuma karatasi kwangu. "Shona."

Nikaunganisha. Kila. Kula. Lala. Kilo. Kaka. Halafu nikaona kwamba maneno yanaweza kukaa pamoja, nikaandika, kwa mkono wangu, sentensi ya kwanza maishani mwangu: *Kaka kalala*. Vipande vitano vyote vimetoka kwenye kola. Kaka yangu mwenyewe ana ugonjwa wa kukosa usingizi, lakini siku ile nilimlaza.

Mzee akaniambia njia hiyo si yake. Ni ya Mbrazili, Paulo Freire, ambaye mwaka 1963 katika mji wa Angicos aliongoza kazi ya kuwafundisha watu wa mashambani wapatao 300 kwa saa 40 hivi, akianzia kwenye maneno ya maisha yao wenyewe: kwa mwashi tofali, kwa mkulima jembe. Mwaka uliofuata wanajeshi walipindua serikali, Freire akatiwa ndani, kisha akaishi uhamishoni miaka mingi. Nilishangaa mtu afungwe kwa kufundisha silabi. Mzee akasema ukimfundisha mtu kusoma neno la kazi yake, kesho atauliza kwa nini ujira wake ni mdogo. Hapo nikaelewa.

Sasa jambo la macho. Baada ya wiki kadhaa nilikwama. E na o zilifanana, n na m zilitambaa, nikirudi nyumbani kichwa kinauma. Nikajua ndiyo hivyo, akili imeshazeeka. Siku moja jirani yangu wa meza ya pili alikuwa anafundishwa na muuguzi mstaafu, na muuguzi huyo akawa ananitazama mimi tu. Akaja, akaniuliza swali moja: "Uzi kwenye sindano unautia mwenyewe?"

Nikacheka. Tangu miaka mitano iliyopita uzi anautia mwanafunzi wangu wa kazi. Mimi huinyoosha mikono mbele, sindano mbali kabisa, na bado sioni tundu. Akasema, basi si akili, ni lenzi. Kuanzia miaka arobaini na kitu lenzi ya jicho hukakamaa, cha karibu kinafifia, na inampata karibu kila mtu, msomi na asiyesoma. Tofauti ni kwamba msomi huenda kutafuta miwani, na anayeanza kusoma ukubwani hudhani ni ujinga, akaacha darasa. Akaleta lile boksi la mapokezi. Moja, moja na nusu, mbili. Kwenye mbili e ikafunga mdomo wake vizuri na o ikakaa duara. Kumbe uongo wangu wa miaka yote ulikuwa nusu kweli.

Ningekuwa mkuu wa maktaba, kila anayejiandikisha angepimwa kwa boksi lile kabla hajaonyeshwa herufi. Wao wanangoja mtu alalamike.

Kitu kingine ambacho darasa la kwaya halikunifunza ni kasi. Kujua silabi zote si kusoma. Nilikuwa nafika mwisho wa sentensi nimeshasahau mwanzo wake, kama anayeteka maji kwa pakacha. Mzee alinisomesha aya ileile mara nne: mara ya kwanza yeye peke yake, ya pili pamoja, ya tatu mimi na yeye akinong'ona nyuma yangu, ya nne peke yangu. Inachosha, sitadanganya. Ila mara ya nne maneno yanaacha kuwa vipande, yanapita kama mshono ulionyooka. Siku niliposoma "kidonge 1 × 3 kwa siku" na kuelewa ni kimoja, mara tatu, nilitupa ule uzi wa mafundo niliokuwa nafunga kwenye chupa za dawa.

Kasoro kubwa ya ndani ni wanaojitolea kuja na kuondoka. Katika miezi kumi na minne nimepitia wanne. Si kosa lao, mtu anapata kazi, anahama, mzee wangu alianza kuumwa goti. Tatizo ni kwamba kila mpya aliniuliza, "Tuanzie wapi?" na wa tatu alinirudisha kwenye a e i o u, mimi nikiwa nimeshafika barua ya mwenye nyumba. Nilikaa naye wiki mbili nikisoma irabu kwa adabu. Sasa wana daftari la kila mwanafunzi linalobaki maktabani, limeandikwa tulipofika na kinachotusumbua, na wa nne alilisoma kabla hajanisalimia. Wangekuwa nalo tangu mwanzo, wapo wenzangu walioondoka ambao pengine wangekuwapo. Tulianza kumi na mmoja. Tumebaki watano.

Halafu kuna ile tarehe 8 Septemba. Siku ya Kimataifa ya Kisomo, inaadhimishwa tangu 1967, na maktaba hupenda kuionyesha. Mwaka huu walitaka tusimame mbele na madaftari yetu, tupigwe picha. Walimaanisha mema. Lakini wateja wangu hawajui. Wanadhani ile michoro ni mtindo wa fundi. Nilikataa, na wenzangu wawili walikataa, na nilisikitika kuona aliyekuja na kamera akinuna. Mtu aliyejificha miaka hamsini usimtoe nje siku moja kwa ajili ya bango. Kwa haki nitasema mkutubi alituunga mkono, na hakuna aliyepigwa picha asiyetaka.

Jambo ambalo bado sijaamua ni hili la kutuomba sisi tuwafundishe wapya. Wanamtaja Frank Laubach, Mmarekani aliyekuwa akifundisha watu kusoma huko Ufilipino miaka ya 1930. Fedha za kuwalipa walimu zilipokwisha, ikaamuliwa kwamba anayejifunza amfundishe mwingine, na kazi haikufa. Nakubali. Ila mimi bado nasita kwenye ng' na ng, na ukimkabidhi mwanafunzi shati ambalo wewe mwenyewe unajifunza, mtaharibu kitambaa wawili. Nimesema nitafundisha silabi tu, na mwalimu awe meza ya jirani. Wamekubali, tena wananifanyia mafunzo kwanza, jambo ambalo yule kijana wa sungura, masikini, hakufanyiwa.

Alhamisi iliyopita nilifika mapema. Pale mapokezi alisimama mwanaume wa umri wangu, fundi wa kitu fulani, mikono yake ilionyesha. Fomu mbele yake, kalamu pembeni. Akajipapasa kifuani, akapapasa mfuko wa nyuma, akaguna. Nilijua anachotaka kusema kabla hajafungua mdomo, na binti alikuwa ameshaanza kuvuta droo.

Nikaichukua fomu nikamwambia, "Njoo kaka, tukae huku, utaniambia mimi naandika." Akanifuata. Nikavaa miwani yangu, namba mbili. Jina lake linaanza na Ng', tena lina nyingine katikati. Niliandika polepole, na vile vialama vya juu, ambavyo mzee anaviita ritifaa, niliviweka vyote viwili.