MRI ya tesla 1.5 au 3?
MRI ni mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, na tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku hiyo. Kwa goti, uti wa mgongo na ubongo, mashine ya tesla 1.5 inatosha kwa kazi nyingi. Ya tesla 3 hutoa ishara karibu maradufu, hivyo viungo vidogo kama kifundo cha mkono huonekana vizuri zaidi. Ila ukiwa na skrubu mwilini au nyonga bandia, kwenye tesla 3 chuma huacha doa jeusi kubwa zaidi pichani. Hapo chagua 1.5. Kinachoharibu picha mara nyingi ni mgonjwa kujitikisa: seti moja ya picha huchukua dakika kadhaa, na kikohozi kimoja huleta vivuli. Kelele hupita desibeli 100, kwa hiyo dai vizibo vya masikio. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo aje na kadi ya kifaa hicho. Si vyote vinavyoruhusiwa.